Skurubu za Ubao wa Kaka

Kaka yangu alikuwa bondia kabla ngumi hazijamwibia kumbukumbu. Ana miaka hamsini na ushee, na asubuhi nyingine huniuliza mama ameenda sokoni saa ngapi, mama tuliyemzika zamani. Mimi ni dada yake mdogo, na ndiye niliyebaki naye katika nyumba ya Makadara tulimozaliwa, tangu baba akiwa mfanyakazi wa reli.

Kitu kimoja tu kilimzuia kutoka nje: spidibo yake. Ni kimpira cha ngozi kinachoning'inia chini ya ubao wa mviringo, bondia akikipiga kinamrudia kabla hajashusha mkono. Ubao ule aliufunga ukutani mwenyewe enzi za nguvu zake. Kila asubuhi alikipiga mpaka jasho likamtoka, kisha akanywa chai na kutulia mpaka nirudi kutoka kibandani ninakoshona sare za shule. Siku moja aliamka na homa, hakukipiga. Nilimpata Jogoo Road katikati ya magari, akielekea ukumbi aliofanyia mazoezi ujanani, ukumbi ambao siku hizi ni stoo ya magodoro. Tangu siku hiyo naiogopa ile barabara kuliko ninavyoogopa kifo changu.

Basi tulipoambiwa tuhame ili nyumba zile kuukuu zibomolewe, sikuwaza kitanda wala kabati. Niliwaza ubao. Nilikuwa nimepata chumba Kware, ghorofa ya tano, mahali ambapo milango yote imepakwa rangi moja na mtu mwenye akili timamu hupotea. Kama ubao hautakuwepo ukutani asubuhi ya kwanza, kaka atatoka, na akitoka simpati tena.

Nilipanda kwenye stuli na bisibisi ya nyota. Ikazunguka bure kichwani mwa skurubu, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Nikajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Vichwa vyote vilikuwa vimelika, ile nyota ya kushikia bisibisi imebaki shimo laini. Nilitukana chuma cha siku hizi, nikasahau kwamba hicho kilikuwa cha zamani.

Mzee jirani, ambaye naye alikuwa anafunga virago vyake, alisikia matusi akaingia bila kubisha.

"Mathe, hiyo unaichuna tu. Weka mpira hapo katikati."

Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakilaza juu ya kichwa cha skurubu, akaniambia nikandamize kwa uzito wangu wote ndipo nizungushe. Ilishika. Ikasogea nusu mzunguko, ikalia, ikasogea tena. Nilifurahi hadi nikamwita yule mzee baba. Tukaingia jikoni kutafuta mafuta ya kupikia tuitie kidogo.

Tuliporudi, kaka alikuwa juu ya stuli. Mkononi ameshika kile kisu cha jikoni kilichokatika ncha. Kila nyumba ya Eastlands ina kisu kama hicho: hakikati nyama wala mkate, kazi yake ni kufungulia redio, kubandulia soketi, kukazia mpini wa sufuria. Kaka alikuwa anakaza ile skurubu tuliyoilegeza, taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

"Siz, hii kitu imelegea," alisema. "Mnakaa tu, mnaiangalia?"

Hapo ndipo nilipojua ni nani aliyekula vile vichwa. Kila asubuhi, nikishaenda kazini, alikaza. Akasahau kwamba amekaza, akakaza tena. Kisu butu ndani ya nyota, mwaka baada ya mwaka.

Ningekuwa dada mwema ningemshika mkono. Mimi nilimpigia kelele. Nilimwambia ashuke, alete kisu, aache kuharibu kila kitu. Akashuka polepole, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Hiyo ni ya mtu," akasema. "Wewe ni nani unaibia watu?"

Mzee akainama kuokota kipande chake cha tyubu. Mimi nililia pale pale, bisibisi mkononi, na sikujali nani ananiona.

Tulimketisha kaka mlangoni na chai, tukaendelea. Skurubu mbili zilitoka kwa mpira. Ya tatu mzee aliikata mfereji kichwani kwa kipande cha msumeno wa chuma, bisibisi bapa ikapata pa kushika. Ya nne ilikatika kichwa, ubao ukaachia, tukabaki kuvuta kisiki chake kwa plaisi iliyoteleza kila mara.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mzee akasema.

"Basi mhunzi ni wewe," nikamjibu, nikampa plaisi.

Kule Kware niliufunga ubao kabla hata ya kutandika kitanda. Safari hii nilinunua skurubu za kichwa cha nati, zile za kufungwa kwa spana, zisizo na mfereji wala nyota. Aje na kisu chake sasa, nilijiambia. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi alikipiga kimpira kama kawaida, moyo wangu ukatulia, nikaingia bafuni. Nilipotoka, chumba kilikuwa kitupu. Kutoka chini ya ngazi nikasikia mwanamke akipiga mayowe ya mwizi.

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nilimkuta ghorofa ya pili, amesukumwa ukutani, kisu mkononi. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika kipande cha mbao.

"Huyu amekuja kwa mlango na kisu!" mwanamke alimwelekezea kaka kidole.

"Ni ndugu yangu!" nililia nikijitia katikati. "Ni mgonjwa! Mnipige mimi!"

Kaka peke yake hakuwa na wasiwasi. Alinionyesha mlango wa yule mama. "Siz, angalia. Bawaba imelegea. Hawa wataangukiwa na mlango."

Skurubu ya bawaba ilikuwa imelegea kweli. Kijana akashusha mbao. Nilimshika kaka mkono, tukapanda.

Miaka yote hiyo nilidhani ni ngumi zinazomtuliza. Siku hiyo hiyo nilitoa skurubu moja ya nati, nikatia ya mfereji mmoja, ambamo kisu kinaingia vizuri. Na kila jioni, kaka akiwa anaoga, mimi napanda kwenye stuli na kuilegeza kidogo.

Asubuhi anapiga kimpira, anagusa ubao, anaitikisa ile skurubu, anachukua kisu. Anakaza, anakunywa chai, anakaa. Mfereji umeshaanza kulika kingo, nimenunua skurubu nyingine nikazificha kwenye kopo la vifungo. Yeye pia analika, na skurubu za kwake sijui wanauza wapi.

Leo alipomaliza kukaza aliniita.

"Siz, hii kitu hulegea kila siku. Bila mimi ingekuwa ishaanguka."

"Kweli," nikamwambia. "Bila wewe ingeanguka."

Akacheka, akaomba chai. Nilimpa, nikafunga mlango, nikaenda kazini.