Mama Akimsimulia Baba Sinema

Juzi nimesikia kwamba siku hizi kuna filamu zinazotengenezwa na sauti ya pembeni, ya kumsimulia asiyeona kila kinachopita kwenye kioo. Badala ya kufurahi nikakasirika. Zilikuwa wapi siku zile? Sie tulimtafutia baba kitu hicho Temeke nzima, tukaishia kwa mama.

Baba alikuwa kuli wa bandari kule Kurasini, na starehe yake ilikuwa moja. Mwingine pombe, mwingine mpira, yeye sinema. Akitoka kutazama filamu ya Kihindi mjini, anarudi kutuigizia sie wanawe uani, anaimba na kuruka, mpaka mama anamfukuza na mwiko. Kisha ikamwingia presha ya macho. Hospitali wakasema amechelewa. Ulianza ukungu, mwisho akawa haoni hata taa.

Hakulalamikia kazi aliyoikosa, wala kushikwa mkono kupelekwa msalani. Alilalamikia sinema. "Nasikia ngumi tu," alikuwaga anasema, "sijui nani kampiga nani."

Miaka ile vibanda vya video vilikuwa vimezagaa kila kona. Tukasikia kuna kimoja Tandika chenye mfasiri, mtu anayekaa na kipaza sauti kando ya televisheni, anawageuzia watu Kichina na Kihindi kuwa Kiswahili cha mtaani. Baba alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Mama akampeleka mwenyewe, na baibui lake, akaketi kwenye benchi katikati ya vijana wa kijiweni. Na mama yangu hakuwa mtu wa vibanda, wallahi.

Kumbe yule mfasiri alifasiri maneno tu. Watu wa kwenye filamu wakinyamaza, naye ananyamaza, anatafuna karanga zake. Na mambo makubwa mara nyingi hutokea watu wakiwa kimya. Baba anauliza kwa sauti, "Sasa nini? Kafanya nini?" Nyuma wanapiga miluzi: "Mzee, kelele bwana!" Mama akamsogelea, akaanza kumnong'oneza sikioni. Kazi yake ilianzia pale kwenye benchi, na televisheni zilipoingia mitaani, kaka yangu akatununulia moja, mama akaendelea na kazi hiyo sebuleni.

Jamani, mama hakujua kusimulia! Lazima aanze na nguo. Mwizi kashika bastola, yeye anasema, "Amevaa shati la maua, kola kubwa, wala halijapigwa pasi."

"We mwanamke, bastola!" Baba anapiga mkeka kwa kiganja.

"Ngoja, nafika."

Watu wakibusiana, haya inamshika. "Wanasalimiana," anasema.

"Mbona salamu ndefu hivyo?"

"Wametoka mbali."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ila kitu kimoja hatukumcheka. Kwa mama, hakuna mtu aliyewahi kufa kwenye filamu. Mtu kapigwa risasi, kaanguka, mkewe anajigaragaza chini, mama anasema kwa upole, "Amelala tu. Ataamka."

"Na huyo analia nini?"

"Furaha."

Baba alijua. Alishatazama filamu tele na macho yake mazima, na muziki wa kifo aliufahamu ukianza tu. Lakini hakumbishia. Alisema, "Haya, mwacheni alale," akageuza uso upande ambao sauti ya mama ilikuwa inatoka.

Mama akienda msibani au sokoni, nilikuwa nakaa mie mahali pake. Mie nilisimulia vizuri, tena haraka: kaingia, kapiga, kakimbia, gari hilo. Haupiti muda baba anauliza, "Mama yenu hajarudi tu?" Iliniuma, sisemi uongo.

Kisha ikaja masika moja, mama akashikwa na malaria, ikampanda kichwani. Tulimpeleka hospitali anaongea, tukamrudisha nyumbani maiti. Sikuwa tayari. Nani huwa tayari? Baba alikaa barazani na wanaume, kila anayempa mkono anamwambia pole, kama vile yeye ndiye aliyekuja kutoa pole.

Wanawake walipomaliza kumwosha na kumvika sanda, waliuacha uso wazi ili watu wa karibu waingie kumuaga. Shangazi, dada yake baba, akatoka mlangoni akaita, "Kaka, njoo umwone mkeo mara ya mwisho." Kisha akasikia alichokisema, akajiziba mdomo na kanga, akaangua kilio.

Mie ndiye niliyemshika baba mkono. Chumbani kulinuka udi na karafuu maiti. Nikamsimamisha kando ya kitanda, na wanawake waliokuwa wanasoma wakanyamaza. Baba akainamisha kichwa, akatega sikio upande wa mama, kama alivyozoea. Akangoja. Nilijua anangoja sauti gani.

"Nisimulie," akaniambia.

Nilimtazama mama. Nilitaka kusema kitu changu. Kilichonitoka kilikuwa chake yeye: "Amelala tu, baba."

Akanibana mkono. "Hapana, mwanangu. Huko utafika. Anza na nguo."

"Amevaa nyeupe, baba," nikasema. "Nyeupe tupu. Haina hata ua."