Macho ya Shangazi Kitisho

Wasikilizaji walimwita Shangazi Kitisho, na jina likamkaa hata muuza mkaa wa mtaani kwao hakumjua kwa jingine. Kila Jumamosi alasiri alikuwa redioni akichambua filamu za kutisha, moja ya zamani na moja mpya, kutoka Japani, Italia, Meksiko, Korea, popote ambapo watu walikuwa na hofu na kamera. Sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Filamu ikiwa mbovu alisema, "Huyo mzuka kavaa raba, nimeziona," na watu wakacheka mpaka kwenye vibanda vya vinyozi.

Alishikilia kwamba za zamani zilitisha kwa kelele: radi, mlango, mwanamke akipiga yowe. Za siku hizi zinatisha kwa ukimya. "Wale wa zamani walikupigia hodi," alikuwa akisema. "Hawa wa sasa unawakuta wamekaa ndani."

Kilichoanza kumpotea ni maandishi, yale yanayopita chini ya picha yakitafsiri maneno ya wageni. Alisogeza kiti. Akasogeza tena, mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, imemla pembeni muda mrefu bila yeye kujua. "Kilichokwenda hakirudi, mama. Tujaribu kulinda kilichobaki." Akapewa dawa ya matone. Alitia asubuhi na jioni bila kukosa, na kilichobaki kikaendelea kwenda.

Redioni hakusema. Alijua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuwa na mume wala mtoto, na nje ya kile chumba kidogo chenye sponji ukutani hakuna aliyewahi kunyamaza ili amsikilize yeye.

Basi akamtegemea mdogo wake. Huyu alikuwa fundi cherehani, aliyehamia kwa dada yake baada ya kufiwa na mke, akaweka cherehani yake sebuleni karibu na dirisha. Mtu mwema, lakini mwoga ajabu. Kuku akichinjwa yeye hutoka nje. Alimsomea dada yake yale maandishi kwa sauti ileile ya kusomea vipimo vya suruali: "Usifungue. Yumo ndani. Nani? Mama." Mwanzoni Shangazi alicheka mpaka machozi. Kisha nyuso nazo zikafifia, na Fundi ikambidi asimulie na picha pia.

"Sasa kuna nini?"

"Korido, dada. Ndefu. Taa zinazimika."

"Mwishoni?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Tuseme amesimama."

Kilichopungua Shangazi alikijaza kwa masikio na uzoefu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeshtuka.

Ikaja filamu mpya ya Wakorea. Mama na bintiye wanahamia kwenye nyumba ya ghorofa ambamo kuna kitu kinaishi, na kitu hicho kinajifunza kuongea kwa sauti ya yule mtoto. Sehemu ya mwisho haina sauti kabisa. Hapo Shangazi alikuwa mikononi mwa mdogo wake.

"Sasa?"

Fundi alikawia. "Mama amempata mtoto. Wametoka. Wako barabarani, kumekucha."

"Wameshikana mikono?"

"Wameshikana."

Shangazi alishusha pumzi. Alikuwa amechoka na filamu zisizo na huruma, na hii ilimgusa.

Jumamosi aliisifu kuliko alivyozoea kusifu. Alisema mwongozaji amethubutu kumwacha mtoto aishi, na siku hizi kufanya hivyo ni kugumu kuliko kumwaga damu. Mtangazaji aliyekaa naye akakohoa. Simu ikaingia, mwanamke mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Shangazi. Samahani, labda tumetazama filamu mbili tofauti. Si mama amefunga mlango kwa nje? Mtoto kabaki humo na kile kitu. Aliye barabarani ni mama, peke yake."

Shangazi alinyamaza, na kimya cha redioni hata kikiwa kifupi ni kirefu.

"Marahaba, mwanangu," alisema hatimaye. "Wewe umeona. Mimi sikuona."

Mtangazaji alicheka akidhani ni utani. Simu ya pili ikauliza habari za filamu ya Kiitaliano ya wiki iliyopita: yule padri aliyesemwa kuwa amepona, amepona vipi na kichwa chake kimeonyeshwa juu ya meza? Mtangazaji akaweka wimbo.

Mtayarishaji wa kipindi, waliyefahamiana naye tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi, alimkuta koridoni akipapasa ukuta kutafuta mlango.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Ungesema."

"Ungefanya nini?"

Mtayarishaji alimshika mkono mpaka kwenye gari, akamwambia apumzike kwanza, watazungumza. Hilo neno "kwanza" wote wawili walilielewa.

Nyumbani Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani, hashoni. Redio alikuwa ameisikia.

"Nilijifunika taulo, dada," alisema kabla Shangazi hajakaa. "Nikifumbua macho namwona yule mtoto. Nikakuwekea mwisho nilioutaka."

"Ni hii tu?"

"Hapana."

"Zipi nyingine?"

"Sizikumbuki zote. Nyingi. Kila palipozidi."

Shangazi aliupitia mwaka wote kichwani, alizozisifu na alizozikemea, asiweze kutenga kazi ya waongozaji na kazi ya mdogo wake. Aliwahi kuutangazia umma kwamba Wajapani wamelainika siku hizi.

"Iwashe," alisema.

"Dada."

"Iwashe uniambie kilichomo. Usifumbe."

Akaiwasha, jua la alasiri likiwa bado limejaa sebuleni. Mama anasukuma komeo, alisema. Anaegemeza paji la uso mlangoni. Anashuka ngazi. Ndani mtoto anagonga, midomo inaita, hasikiki. Fundi alilia waziwazi na hakuacha kusimulia. Shangazi aliisikiliza mpaka ikaisha. Ilikuwa filamu bora kuliko zote alizokutana nazo kwa miaka mingi, na hakuwa tena na pa kulisema hilo.

Mtayarishaji alikuja kumwona mara moja, na zawadi kutoka kwa wafanyakazi: saa ya ukutani. Fundi aliitundika. Kipindi kilipewa watu wawili wa maneno ya haraka, wanaozipa filamu alama kama mitihani. Shangazi aliwasikiliza siku moja. Hawakuwa wabaya, na hilo ndilo lililomuuma.

Mvua zilipoanza, dirisha na ukuta kwake vilikuwa kitu kimoja.

"Nikuwekee ya zamani?" Fundi alimwuliza. "Zile za kelele."

"Hapana."

"Nitatazama yote, dada. Naapa."

"Najua."

Kujua alijua. Lakini siku Fundi alipomwambia mvua imekatika, Shangazi alinyanyuka, akapapasa mpaka dirishani, akatoa mkono nje na kuuacha huko kitambo. Mkono ulirudi mkavu. Fundi alimwona, akainamia cherehani yake.