Ruzuku Niliyoisaga

Karakana yetu iko uani, banda la bati lenye mlango mmoja na dirisha ambalo halijawahi kuwa na kioo. Tunatengeneza vyungu vya kuchujia maji. Unachukua udongo wa mfinyanzi uliokauka na kupondwa, unachanganya na unga wa mbao uliopita kwenye chekeche, unatia maji, unakanda, halafu unabandika donge kwenye kalibu na kulibana kwa jeki ya lori mpaka litoke chungu. Kikiingia tanurini, unga wa mbao unaungua na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji hupita, uchafu hubaki. Ndiyo kazi yote. Nimewaeleza watu wengi na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Nasema "yetu" kwa mazoea. Tulikuwa watatu tulipoanza: mume wangu, mdogo wake, na mimi. Mume wangu watu walimwita Injinia, ingawa alichonacho ni cheti cha ufundi tu. Tulikosea pamoja na tukapatia pamoja. Vyungu vya kwanza viliyeyuka kama sukari ndani ya ndoo, tukacheka mpaka majirani wakachungulia. Halafu watu wa gazeti wakaja, wakampiga picha yeye, ameshika chungu nilichokikanda mimi. Ukingoni mwa picha unaonekana mkono wangu umeshika kitambaa. Mkono tu. Waliniambia nisogee kidogo.

Hatukujaliwa watoto. Alivumilia, kisha akasema nyumba haina kelele, akaenda kutafuta kelele kwingine. Akazipata: mapacha. Hakunipa talaka wala hakunirudisha kwetu. Aliniacha kama baiskeli mbovu iliyoegeshwa ukutani, labda siku moja itafaa vipuri. Sehemu yake ya kampuni alimwachia mdogo wake. Mama yake aliniachia mimi.

Basi asubuhi namwogesha mama mkwe, namkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, kisha navuka ua naingia karakanani. Shemeji anavuta jeki, mimi nazungusha kalibu. Jioni yeye huenda kwake, kwa mkewe na wanawe, nami narudi ndani kwa mama, ambaye siku hizi huniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Siku moja shemeji aliingia bado ana kofia ya pikipiki kichwani.

"Shemeji, serikali inagawa hela za kufikiri!"

"Basi wewe hutapata kitu."

"Nisikilize kwanza. Ruzuku ya utafiti, kwa kampuni ndogo kama sisi. Wanatupa tuvipime vyungu maabara, tuvirekebishe, tupate karatasi."

Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa inatumaliza. Shule na zahanati zilikuwa zimeanza kuuliza: vimepimwa wapi? Machujio ya plastiki yanakuja na karatasi ndani ya boksi. Yetu yanakuja yamefungwa kwenye gazeti.

"Na tusipoomba?"

"Tutaendelea kuwauzia hao hao, mpaka hao hao nao wahamie plastiki. Halafu mimi na wewe tupande maua ndani ya vyungu. Maji hayatatuama, hilo nakuhakikishia."

Kampuni haiwezi kuomba kitu bila sahihi zetu wote wawili. Sikukubali, sikukataa. Nilimwambia amlete huyo mtu wa serikali nimwone.

Akaja binti mwembamba, akanipa shikamoo yangu, akaketi juu ya gunia la unga wa mbao bila kulifuta kwanza. Nikampenda hapo hapo, na mimi sipendi watu upesi. Alitazama vyungu vilivyopangwa, akagongagonga kimoja, akageuka.

"Vilivyoharibika viko wapi, mama?"

"Tumevisaga."

Nikamweleza: kilichopasuka tanurini tunakiponda kwa nyundo, tunakichekecha, tunakirudisha kwenye udongo mpya. Udongo uliokwisha kuonja moto huupa mpya nguvu.

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu. Viko ndani ya hivyo vizima."

Akacheka, kisha akaona hatucheki. "Tangu mlipoanza? Hakuna hata kimoja?"

"Tungekiwekea nini?"

Akatueleza kwa upole kwamba utafiti unaanzia kwenye kilichoharibika. Wakaguzi watataka kuona chungu kilichopasuka, na kando yake maelezo ya udongo wake ulivyochanganywa na moto wake ulivyokuwa. Kampuni yenye vyungu vizima vitupu, kwao haijajifunza kitu. Tuanze kuviweka. Pia awepo mtafiti mkuu mwenye cheti, na kampuni iwe na watu wa kudumu wasiopungua wawili. Shemeji akamsindikiza getini, wakasimama huko wakiongea.

Tukafuta rafu moja ukutani, tukaanza kupanga mabovu. Sikujua kama ni kazi nzito namna ile. Ukizoea kusaga kilichokushinda, kesho yake hukikumbuki. Sasa vilikaa vinanitazama: chenye ufa mdomoni, kilichopinda kama mtu anayeumwa kiuno, kilichofura tumbo. Nilikula chakula cha mchana mbele yao. Shemeji akavipa majina ya jamaa zetu. Huyu mjomba, huyu shangazi aliyeazima sufuria akasahau njia ya kuirudisha. Nilicheka. Lakini yeye akishaenda zake, nilibaki na mjomba na shangazi.

Rafu ilipojaa nikamwuliza, "Na huyo mtafiti mkuu?"

Akajifanya anatafuta spana.

"Shemeji."

"Mwenye cheti tunamjua mmoja tu."

"Usimtaje."

"Sijamtaja."

"Mgongo wako umemtaja."

Akageuka. "Siku mbili tu kwa wiki. Yeye atakaa kule kwenye tanuri, wewe utakaa huku."

"Banda lina mlango mmoja."

"Tutatoboa mwingine. Utafiti utalipia."

Alinibembeleza nimwache aje mara moja, nimsikilize, kisha niamue. Nikasema sawa. Siku hiyo nilivaa gauni lisilo na doa la udongo, halafu nikajikasirikia, nikalivua, nikalivaa tena.

Injinia aliingia bila hodi, kama mtu aliyetoka mara moja kununua misumari. Alikuwa amenenepa shingo.

"Bi mkubwa! Bado una mikono ya udongo?"

"Ulitaka niwe na mikono ya nani?"

Akacheka kicheko chake kile kile. Akavua saa, akashika mpini wa jeki, akavuta. Na mimi, kabla sijafikiri, mikono yangu ikazungusha kalibu. Chungu kikatoka laini, hakina hata mkunjo. Shemeji alisimama mlangoni anatutazama, uso unamng'aa kama mtoto aliyeona wazazi wamepatana. Sikuthubutu kufungua mdomo. Nilijua ukifunguka utasema ndiyo.

"Kwenye ombi," Injinia akasema, "tuandike mbunifu ni mimi. Jina langu wanalijua, lilitoka gazetini."

"Na mimi?"

"Wewe mfanyakazi wa mikono. Pana nafasi yake kabisa. Sasa usinune. Hujasoma, unataka waandike nini?"

Nikameza. Nimemeza makubwa kuliko hilo. Na nitasema kweli: na hilo ningelimeza, nikatia sahihi, kwa ajili ya kampuni, na kwa ajili ya ile sauti ya jeki ikivutwa na anayejua kuivuta.

Kutoka karakanani mpaka kwa mama mkwe ni ua tu. Ukipita kamba ya nguo umefika. Dirisha lake lilikuwa wazi. Alikuwa anakohoa, na sote tulikuwa tunamsikia.

"Mama hajambo?" Injinia akauliza, anafunga saa yake.

"Nenda ukamwone."

"Nikianza kazi nitakuwa namwona kila mara. Leo nawahi mapacha shuleni."

"Ni hapo tu."

"Si umesema hajambo?"

Sikuwa nimesema. Akapita chini ya kamba, akainamisha kichwa ili shuka la mama yake lisimguse uso, akafungua geti. Shemeji akampeleka kwa pikipiki.

Nikaingia ndani kumpa mama maji.

"Nani alikuwa anaongea huko?" akaniuliza.

"Fundi, mama."

"Sauti yake naijua. Fundi gani?"

"Wa jeki. Ameshaondoka."

Akashika bilauri, asinywe, akaendelea kutazama mlango. Nikasubiri anywe. Hakunywa. Nikarudi karakanani, nikachukua nyundo.

Shemeji aliporudi nilikuwa kwenye chekeche. Rafu ilikuwa tupu na vumbi jekundu limejaa banda zima.

"Shemeji! Umesaga utafiti!"

"Uko kwenye ndoo. Haujapungua hata kidogo."

Nilitegemea apige kelele. Aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake nzuri.

"Ungesema tu hapana," akasema. "Yule binti aliniambia chuo kinaweza kutuazima mtafiti. Mwalimu yeyote. Bure."

"Alikuambia lini?"

"Siku ile getini."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, kaka angerudi vipi?" Akafuta uso, akajipaka udongo zaidi. "Wewe uliachwa na mume, watu wakaja kukupa pole. Mimi kaka yangu aliondoka, nani aliniuliza habari? Ruzuku yenyewe wala sikuijali sana. Nilitaka tuwe watatu tena humu ndani."

Na mimi miezi yote ile nilidhani anapigania kampuni. Nilitafuta neno la kumbakiza. Najua lilikuwepo. Lakini lile la kumwumiza lilikuwa karibu zaidi.

"Mfuate basi," nikamwambia. "Mkaanzishe yenu."

Akamfuata. Nasikia wanafunga matangi ya maji kwenye paa za watu, na wanafanya vizuri. Jeki ile haiendi na mtu mmoja, kwa hiyo nafinyanga vyungu vidogo kwa mkono, vinavyomtosha mtu wa peke yake. Kuna wanaoniambia niliua kampuni kwa sababu ya mwanaume asiyesalimia mama yake. Mama huyo namwogesha mimi.

Yule binti wa serikali alipiga simu mchana mmoja.

"Shikamoo mama. Naona ombi lenu halijafika, na kesho tunafunga. Chuo bado kiko tayari kuwapa mtu. Mko wangapi sasa kwenye kampuni?"

"Mmoja."

"Sharti ni wawili, mama."

"Najua. Ulisema."

"Pole sana. Kweli, pole."

Nikasikia anavuta pumzi ya kuaga.

"Huko kwenu kumenyesha?" nikamwuliza.

"Kidogo, asubuhi."

"Na umekula?"

"Bado, mama. Nikimaliza simu hizi ndiyo nile."

"Unakula nini?"

Akaniambia. Nikamwuliza kama anapika mwenyewe au ananunua, na yeye, Mungu amzidishie, akanijibu na hilo pia.