Jina Ambalo Kasilda Hakulitema

“We Kasilda, kunywa!” Jeska alisema, ameikaba chupa ya soda shingoni kama kuku wa kuchinjwa. “Ukunywe, uteme hapa mlangoni, useme jina ya yule mwanamke. Basi! Ngumu iko wapi hapo?”

“Sinywi. Na usinisogezee hiyo takataka puani.”

“Takataka! Nazario, umesikia? Dawa nimeitoa Muyinga, nimekaa juu ya gunia ya makaa mpaka matako imekufa, anaiita takataka!”

Matako ya Jeska, tuseme ukweli, si ya kufa upesi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu Elikana, mume wa Kasilda, na akipaza sauti hapa Gitega, ng'ombe wa Makebuko huinua masikio. Nazario, mdogo wa marehemu, alikuwa amejibwaga kitandani kwa mjane bila kukaribishwa, anakula ndizi za msiba. Wawili hao walikuwa wamekwenda hadi Muyinga kumuuliza mganga ni nani aliyemuua ndugu yao. Na mganga, ambaye Gitega hajawahi kuiona hata ndotoni, akawatajia jirani wa mkono wa kushoto. Kila mtu ana jirani wa mkono wa kushoto. Hata shetani anaye.

Wa Kasilda alikuwa Shakila, fundi cherehani, mwanamke wa Kiislamu. Kosa lake lilikuwa chai. Siku moja Elikana alirudi na baiskeli kutoka Mutaho, kiu imemkaba, akapita kwa Shakila akamiminiwa kikombe. Sasa huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakina sumu. Elikana hakungoja. Aliinywa yote Shakila angali ameshika birika. Haikupita wiki akaanguka, asiinuke tena. Daktari alisema ni homa ya matumbo, ni yale maji ya bondeni aliyokuwa akiyanywa njiani. Lakini daktari ni nani mbele ya Jeska?

“Sisi tukisema, ni maneno tu,” Nazario alisema, mdomo umejaa. “Mjane akisema, mtaa mzima inasimama. Kesho Shakila hana nyumba.”

Hapo hakudanganya. Kasilda alizaliwa Muyinga, na akiwa msichana alimwona bibi mmoja aliyetajwa hivyo hivyo. Asubuhi waling'oa mlango, mchana wakashusha bati, jioni bibi akaonekana barabarani, sufuria kichwani, hana pa kwenda kuiinjika.

Msidhani basi kwamba Kasilda alimpenda Shakila. Thubutu! Walichukiana kwa bidii, kama watu wanaolima kwa zamu. Kuku wa Shakila waliumaliza mchicha wa Kasilda mpaka mizizi. Kasilda akamkamata jogoo, akamnyonyoa unyoya mmoja mmoja, akamrudisha uchi. Shakila, kwa aibu, akamshonea kaptula ya kitenge, na jogoo akaivaa hadi Noeli. Asiyeamini hakuwepo.

Na tangu mazishi, asubuhi nyingine Kasilda aliutazama moshi wa jirani ukipanda akajiuliza: na kama ni kweli? Wazo hilo lilikuwa tamu, nisiwafiche. Kupata mtu wa kumchukia ni kama kupata kigoda baada ya safari. Kumwomba Mungu kwa maneno mazuri kulikuwa kumemshinda. Alikuwa akisugua masufuria huku anamgombeza: “Umenichukulia mume, umeniachia Jeska. Hesabu gani hiyo?” Lakini kila siku alirudi kumgombeza, hakunyamaza naye hata siku moja.

Kuomba hivyo alifundishwa na bibi yake, walipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Bibi hakujua kusoma hata jina lake. Siku walipoibiwa unga wa wiki nzima, alimpigisha mtoto magoti, tumbo likinguruma, amwombee mwizi kwa jina. Kasilda akasema hawezi, anamchukia. “Hata wewe Mungu alikupenda na kamasi puani,” bibi akamwambia. “Hakungoja upanguse. Haya, omba.” Akaomba, meno ameyauma. Mzizi wa imani yake uliingia ardhini kwa njaa, ndiyo maana kuung'oa ni kazi.

“Mungu wangu hataki,” Kasilda alisema.

“Mi pia niko mkristo!” Jeska alipiga kifua. “Nakaa benchi ya mbele!”

“Benchi inakujua, wifi. Mungu sina hakika.”

“Jamani, anatukana! Anatukana na Kiswahili yake ya Tanzania! Basi sikia. Nyumba ni ya kaka yetu. Ukikataa kusema, leo leo unatoka. Utarudi Muyinga na kitenge moja, tuone kama huyo Mungu wako iko na bati.”

Matofali ya nyumba ile Elikana aliyafyatua kwa mikono yake, na maji ya udongo aliyateka yeye Kasilda. Akautazama ukuta. Akaomba kimya kimya, na hakusikia joto lolote moyoni, wala malaika. Alisikia tu Nazario akitafuna.

Akanyoosha mkono. “Lete chupa.”

Jeska akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Kasilda akaichukua, akaenda mlangoni, akaimwaga yote juu ya jivu, kisha akapaza sauti kuelekea uani kwa jirani.

“Shakila!”

“Nini tena? Kuku nimewafunga!”

“Una chai?”

Cherehani ikasimama.

“Kasilda, nimesikia yote,” Shakila alisema polepole. “Huyo wifi yako anasikika mpaka Gishubi.”

“Nimeuliza chai.”

“Chai iko.”

“Ilete. Na usiionje, umesikia? Nataka kuinywa hivyo hivyo, mbele yao.”

Jeska alimvuta kitenge. “We ni mwendawazimu? Ukinywa chai ile, si mtu wetu tena! Hata ukikufa hatukuziki!”

“Chagueni basi, nife au nifukuzwe. Msinipe yote mawili kwa siku moja.”

“Kumbe unampenda yule mrozi, yule mchawi wa sumu, kupita kaka yangu!”

“Simpendi!” Sasa hata Kasilda alikuwa akipiga kelele, machozi yanamtoka kwa hasira. “Mdomo wake mchafu, na kuku wake wezi! Lakini yule wa juu ninayempenda mimi anampenda na yeye. Nifanyeje? Nimemwambia aache. Haachi! Na nyinyi pia anawapenda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nyumba chukueni. Jina la mtu asiye na kosa halitoki kinywani mwangu.”

Nazario akainuka, ganda la ndizi likaanguka. Akajaza mlango kwa mabega yake.

“Mtu ajaribu kupita hapa na chai,” alisema. “Ajaribu tu! Mi nitam—”

“Hodi,” Shakila alisema nyuma yake, naye alikwisha kumpenyezea kiwiko akaingia, thermosi kwapani, kikombe kimoja mkononi.

Hakuna aliyemkaribisha. Kasilda alimsogezea kigoda kwa mguu.