Mapanga Ishirini Yasiyo na Alama

Kwa Melchior Lusenge, mfua chuma wa Butembo, hakuna mtu aliyenunua jembe wala panga bila kuulizwa shamba lake liko wapi. Swali hilo alilirithi kwa baba yake pamoja na nyundo na mivukuto. Mnunuzi alikaa kwenye gogo karibu na moto, akaeleza: mimi ni wa kilima fulani, shamba langu linaanzia kijitoni, linapanda mpaka kwa fulani, nalima maharagwe na muhogo. Lusenge alisikiliza huku akichagua chuma cha springi ya lori, maana udongo mzito unataka jembe lake na udongo wa mawe unataka lake. Maneno yakiisha, alikuwa amejua namna ya kulifua jembe, na alikuwa amemjua pia mtu atakayelibeba. Mwisho kabisa alipiga alama yake: mikato mitatu mifupi chini ya shingo ya chuma. Kutoka Kasugho mpaka Beni watu waliijua mikato ile.

Zamani kazi ilikwenda hivyo, na hakuna aliyeona kwamba inachelewesha. Leo mtu akingoja jembe kwa muda wa kuchemsha chai anaona ameibiwa siku yake.

Kisha vita vikaja, vikaondoka, vikarudi na majina mengine. Mwaka mmoja, karibu na Beni, watu waliuawa shambani mwao, na kati ya vitu vilivyookotwa pale kulikuwa na panga lenye mikato mitatu. Lusenge alichukuliwa, akawekwa ndani siku nne. Hakupigwa. Walimwonyesha panga tu, limelazwa juu ya gazeti, wakamwuliza kama anaijua kazi yake. Aliijua. Siku ya nne ilionekana kwamba panga lilikuwa la mmoja wa marehemu, wauaji walilinyakua nyumbani kwake. Lusenge akarudi Butembo, akatembea kwa miguu kutoka kituo cha magari mpaka kwake, na tangu siku ile swali lake akaliuliza mara mbili. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: kuiona tena alama yake juu ya gazeti.

Binti yake Jokébed alikuwa mfanyabiashara wa barabara ya kusini. Alinunua viazi Alimbongo na maharagwe Kanyabayonga, akauza Butembo, mpaka mapigano yalipofika Kanyabayonga na barabara ikafungwa. Alirudi kwa baba yake akiwa na magunia matupu, watoto watatu na telefone. Alikuta moto wa baba yake unawashwa siku mbili kwa juma. Wateja wa kusini hawakuweza kufika, na wa mjini walinunua majembe ya dukani, yale yaliyopakwa rangi nyekundu, yanayopinda yakikutana na mzizi.

“Papa,” alisema asubuhi moja, “batu hapana kuya tena. Donc tutabafuata kwa telefone. Nitafanya video.”

Lusenge hakuinua macho. “Kitu kizuri kinajiuza yenyewe. Kibaya njo inatembea-tembea.”

“Ni kweli, Papa. Mais barabara ikifungwa, kizuri kitajiuza kwa nani? Kwa mbuzi?”

Lusenge akarudi kwenye nyundo yake, na Jokébed alijua kwamba baba yake asipokataa amekubali nusu.

Video ya kwanza ilikuwa aibu. Jokébed alipanga majembe kwenye kitenge, akaweka muziki wa kucheza na maandishi ya rangi yanayorukaruka: PROMO, PROMO. Akaituma kwenye vikundi vya WhatsApp na kwenye Facebook. Watu watatu waliandika, wote wakiuliza jina la wimbo.

“Basi uzia bale batu ule wimbo,” Lusenge alisema.

Ya pili haikupangwa. Alikuja mama mmoja mzee, Virginie, mkulima wa ng'ambo ya mto, akakaa kwenye gogo. Jokébed alikuwa ameshika telefone tayari, akaomba ruhusa, akafungua. Lusenge akauliza swali lake. Virginie akaeleza shamba lake: jiwe kubwa ambalo mumewe alishindwa kulitoa, akalizunguka miaka thelathini, na sasa mume amezikwa, jiwe lipo. “Jiwe ilishinda yeye, itashinda na mimi,” alisema, akacheka mpaka akakohoa. Nyuma yake nyundo iliendelea. Dakika nne, bila muziki. Mwisho mikato mitatu, ta, ta, ta, na Virginie akipima uzito wa jembe kwa mikono miwili.

Jumapili video ile ilikuwa imefika Beni, imefika Kampala, imefika kwa Wanande, watu wa kabila lao, walio Ulaya na ambao hawajashika jembe tangu utoto. Ujumbe ulimiminika. Wengine walitaka jembe. Ila wengi, na hili lilimshangaza Jokébed, walitaka kuulizwa. Waliandika: Papa Lusenge aniulize na mimi. Wakaanza kueleza mashamba yao kabla hata ya kutaja wanachotaka kununua. Jokébed akaelewa kwamba walichokipenda kwenye video kilikuwa lile swali, kuliko chuma chenyewe.

Lusenge aliweka sharti. Mteja wa mbali atume video ya shamba lake, asimame ndani yake, la sivyo hapati kitu. Bilali, mwenye gari la Butembo na Beni, Mwislamu aliyemfahamu Lusenge tangu wakiwa vijana wote wawili, ndiye aliyebeba vifurushi.

“Wee mzee,” Bilali alimtania, “zamani ulisema telefone ni ya bavivu. Sasa unaangalia mashamba ya batu kama padri anasikiliza zambi.”

“Padri hapati kuona miguu ya mutu. Mi naona.”

Ikaja siku ya mapanga arobaini. Aliyeyaagiza hakuwa na picha ya uso, ila picha ya gari jeupe. Alijiita Patron. Alitaka mapanga yafike Beni kwa mara moja. Jokébed alimwambia sharti. Baada ya saa moja ikaja video: shamba la kakao, kubwa, safi, jua limepenya kati ya majani, mtu amesimama humo, uso hauonekani, mkono wake unaonyesha matunda ya manjano.

Jokébed alikuwa na furaha ambayo hakuificha. Mapanga arobaini yalikuwa kazi ya mwezi, moto kila siku, watoto kurudi shule. Lusenge aliiangalia video mara mbili. Sharti lilikuwa lake mwenyewe na lilikuwa limetimizwa. Akawasha moto. Ila alama hakupiga. Alisema atapiga mwisho, yote pamoja. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, na Jokébed aliliona hilo.

Mapanga yalipofika ishirini, ujumbe ukaja kutoka Beni. Ulitoka kwa Kavuo, mama mkulima aliyekimbia kijiji chake baada ya mauaji na sasa anaishi uani kwa watu. Alitaka jembe moja. Kila asubuhi wenye mashamba walikuja kuchagua vibarua kando ya barabara, na asiye na jembe mkononi hakuchaguliwa.

Jokébed akaomba video ya shamba. Kavuo akatuma video fupi: ukuta wa matofali, beseni, kamba ya nguo. Sauti yake ikasema, “Dada, ni hapa niko. Shamba ya kuonyesha sina. Kule hatuendake.”

Lusenge akatikisa kichwa. “Sharti ni sharti.”

“Papa!” Jokébed aliweka telefone juu ya fuawe kwa nguvu. “Hii sharti uliiweka ju ya bauaji. Sasa unafukuza mwenye baliua batu yake. Ule Patron alituma shamba, ukawasha moto. Huyu iko na ukuta, unafunga mulango. Ni akili gani hii?”

Mzee alikaa kwenye gogo la wateja, mahali ambapo yeye mwenyewe hakukaa kamwe. Kisha akasema, “Baba yangu hakuona shamba ya mutu hata moja. Alikuwa anasikia tu. Mwambie aniambie.”

Kavuo alituma sauti. Ilikuwa ndefu, na watoto walilia ndani yake. Alianzia chini, kwenye kijito chenye kaa wadogo. Akapanda: migomba saba, mmoja umemwinamia mwenzake. Mparachichi alioupanda mkwewe. Mahali penye mchwa, pasipofaa muhogo. Mpaka wa kushoto, jirani yake Kasonia, aliyesogeza miti ya mpaka hatua mbili wakati wa matanga, wakagombana mwaka mzima. “Kasonia naye balimuua,” alisema. “Zile hatua mbili ningemwachia.” Kisha akaendelea mpaka juu kabisa, kwenye kibanda cha kufukuzia nyani, kama mtu asiyetaka kuacha hata kona moja.

Lusenge angependa kusema kwamba alimkumbuka, kwamba mama wa mwanamke yule aliwahi kukaa kwenye gogo. Hakumkumbuka. Kilima kile hakukijua. Lakini udongo aliujua: mweusi chini, mwekundu juu, wenye mawe madogo karibu na kibanda. Mkono wake ulikuwa umeanza kuchagua chuma kabla sauti haijaisha.

Kisha akasimama. “Itia mi ule Patron. Kwa sauti.”

Jokébed akapiga. Mtu akaitika, mwenye haraka.

“Patron, wabukire,” Lusenge alimwamkia kwa Kinande. “Mi njo mufua chuma. Shamba yako ya kakao, kule chini inaishia wapi?”

“Chini wapi?”

“Kwa mwisho wa shamba. Kuko mto? Kuko jirani?”

“Mzee, si nilituma video?”

“Niliona. Sasa nataka kusikia. Jirani yako ni nani?”

“Majirani beko bengi. Mapanga iko tayari ao haiko tayari?”

“Mwenye alipanda kakao ni nani? Wewe ao baba yako?”

Mtu yule akacheka kidogo. “Wee mzee uko polisi? Ile video nilipata kwa groupe, ni mashamba tu, zote ni sawa. Tuma vitu.”

“Mashamba zote haziko sawa,” Lusenge akasema, akamrudishia binti yake telefone.

Hawakujua kamwe alikuwa nani. Labda alikuwa mchuuzi tu, mtu wa kununua hapa na kuuza pale, na wako wengi hivyo siku hizi, wasiojua wanachouza kinakwenda wapi wala hawataki kujua. Labda alikuwa kitu kingine. Hakupiga tena, na picha ya gari jeupe ikatoweka siku iliyofuata. Jokébed alilia kidogo, kwa ajili ya shule ya watoto, kisha akanawa uso.

Bilali alipokuja kuchukua vifurushi aliyakuta mapanga ishirini yameegeshwa ukutani. Akainua moja, akaligeuza.

“Mzee, hii haina alama.”

“Haina.”

“Basi shida ni nini? Nipe, nitauza Beni kwa soko. Bila alama, nani atajua ni yako?”

Jokébed alimtazama baba yake. Alitamani akubali.

“Wewe unajua,” Lusenge alisema. “Umeishika tu, ukajua. Na kila mufua chuma wa Butembo atajua, kwa mugongo yake hivi inavyokata. Niliacha alama sababu roho ilikuwa inanikataza, nikajidanganya eti nitapiga mwisho. Chuma hapana kujidanganya.”

“Donc zitaoza hapa?”

“Zitangoja. Mutu atakuya na shamba yake kwa kinywa, atachukua moja. Mwingine moja.”

“Utakufa zingali hapa, kaka yangu.”

“Basi Jokébed atauliza.”

Bilali akacheka, akampiga begani, akaenda kuwasha gari. Kifurushi kilikuwa kimoja siku ile, kimefungwa kwa gunia la viazi la Alimbongo: jembe la Kavuo, jembamba kidogo kwenye ncha kwa ajili ya mawe, lenye mikato mitatu chini ya shingo.

Baada ya siku nne Kavuo alituma video bila kuombwa. Alikuwa kwenye shamba la mtu, mistari ya maharagwe imenyooka, jembe linapanda na kushuka. Kuna mahali alisimama akalisogeza karibu na telefone ili mikato ionekane. “Wasingya, Papa,” alishukuru kwa Kinande. “Leo balinichagua wa kwanza.”

Jokébed aliiangalia mara tatu, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya alama ya kutuma. Video kama ile ingezunguka kuliko ya Virginie, aliliona hilo mara moja.

“Muulize yeye kwanza,” Lusenge akasema, akarudi motoni. “Na muulize ile shamba ni ya nani.”

Akamwuliza. Kavuo akakubali, akajibu kwa sauti, na jibu lake lilikuwa refu: shamba lilikuwa la mjane mmoja, lilianzia barabarani, likateremka mpaka bondeni, na upande wa kulia kulikuwa na jirani mkali. Kesho yake mjane yule naye aliandika. Alitaka panga moja.