Uzi Mwekundu wa Mjomba

Nani alikudanganya kwamba kitu kilichoshikizwa kimetengenezwa?

Mjomba wangu ni fundi wa bweni la wasichana mwaka wa kumi na tisa sasa: milango, mabomba, vitanda, ngazi. Neno "shikiza" amelisikia mara nyingi kuliko jina lake. Fundi cherehani hushikiza pindo kwa mishono mirefu, akishalishona vizuri anaifumua. Kwa matroni, kushikiza ndiyo kazi yenyewe. "Fundi, kaza hapo na waya. Mengine baadaye." Hiyo baadaye haijawahi kufika.

Lakini mjomba hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kila alichokishikiza alikifunga uzi mwekundu, asisahau kukirudia. Nyuzi zilijaa bwenini, kwenye bawaba, kwenye koki, na juu kabisa kwenye reli ya ngazi ya nje, iliyoshikiliwa na waya tangu mwaka juzi. Wasichana humtania:

"Baba Uzi, nishikizie na moyo, mchumba kauvunja!"

"Huo mbovu, mwanangu. Tupa."

Niliposikia wakaguzi wanakuja Jumatano, nilimwendea mbio.

"Mjomba, huna haja ya kusema kitu. Wapandishe ngazi ile. Watauliza wenyewe uzi ni wa nini."

"Na matroni?"

"Ataeleza barua zako tano za kuomba chuma zilikwenda wapi."

Akacheka. "Chuo kimekupa mdomo, mpwa wangu." Kisha akaacha kucheka. "Haya. Nitawapandisha. Mtoto wangu mwenyewe anashuka ngazi ile kila siku."

Nilimwamini. Nilitembea kifua mbele siku nzima, kana kwamba nimeikomboa nchi.

Jioni matroni alimwita ofisini. Alichoambiwa hakunieleza, na sikuuliza. Sote tunajua kwamba binti yake anasoma pale bila ada kwa sababu baba ni fundi wa pale.

Asubuhi yake niliwahi uani kabla ya wakaguzi. Mjomba alikuwa juu ya ngazi na mkasi, anakata nyuzi moja moja na kuzitia mfukoni. Aliniona. Akaendelea kukata.

Kengele ya darasa ikalia. Binti yake akatokea wa kwanza, vitabu kwapani.

"Pita upande wa ukutani, mama," akamwambia kwa sauti ya chini.

Akapita ukutani. Nyuma yake wakashuka wenzake sita, wanacheka, wameishika reli.