Nilimsifu Binti Yangu Mbele ya Wakwe

Mhariri, jina langu lifiche, na hili la Njeri nimelibandika tu, maana hapa mtaani Ziwani tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka arobaini na sita, shule niliiachia darasa la tatu, nauza mboga. Njeri ni kifungua mimba wangu. Anapiga chapa katika ofisi ya mawakili mjini, na jioni anasoma ili siku moja awe wakili mwenyewe. Nikimkuta ameinamia vitabu huku uji unafurika jikoni, hata sigombi.

Mwezi uliopita watu wa mchumba wake walikuja kutoka mtaa wa Tena kuzungumza mambo ya mahari. Baba Njeri aliamkia soko la Burma kuchagua nyama mwenyewe, nami nikapika njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, na kuazima vikombe kwa jirani. Kwetu, siku kama hiyo mama wa msichana hafungui kinywa. Kila upande una msemaji wake, mzee wa kiume. Kazi ya mama ni kupakua. Hayo nayajua tangu nilipochumbiwa mimi.

Msemaji wao akasimama kumsifu kijana. "Kijana wetu ni ambitious," akasema. Akaona wengine tunatazamana, akaeleza, "Yaani haridhiki na alipo. Anataka kufika mbali, na atafika." Wazee wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria, moyo ukanijaa. Kumbe neno lipo! Miaka yote nilikuwa nalitafuta, la kumwelezea Njeri wangu. Nikajisahau, nikasema kwa sauti, "Basi wamepatana! Hata Njeri wetu ni ambitious. Anasoma jioni, atakuwa wakili!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa kijana akaweka kikombe chini polepole, akanitabasamia. "Mama Njeri, mwanamume akiwa hivyo, anajenga. Mwanamke akiwa hivyo, mume ni ngazi yake tu. Asante kwa kutuambia mapema." Wakainuka wote. Chakula hawakukigusa, na mnajua wakwe wakikataa chakula wamekataa nini. Yule kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akimnunulia Njeri vitabu, aliinama akafunga kamba za viatu muda mrefu, akatoka bila kumtazama.

Baba Njeri akamketisha binti yake mbele ya sinia la nyama. "Kula, wakili. Kula mahari yako." Akamsimamia. Njeri alikula akilia mpaka akatapika. Nilipomshika baba yake mkono, akaniambia, "Wewe nyamaza. Leo umeongea ya kutosha."

Kesho yake habari zilifika mferejini kabla yangu. "Mpisheni Mama Ambitious achote, ana safari ndefu!" Njeri akitoka kazini watoto wanamfuata nyuma, "Ambitious, umefika?" Neno lile lile nililolipenda.

Sasa wale wakwe wamemtuma msemaji wao. Watarudi Jumamosi, lakini Njeri aache masomo, nami nisimame mbele yao niseme nilimsingizia binti yangu, kwamba hana haja na makuu. Baba Njeri amekubali tayari. Vitabu amevifungia sandukuni, ufunguo anatembea nao. Na kuna jambo ambalo wao hawalijui: Njeri ana mimba ya huyo kijana. Ameniambia mimi peke yangu. Baba yake akigundua na harusi haipo, atamtupa nje na nguo alizovaa, namjua.

Jana nikamwuliza, "Mwanangu, nikaombe radhi?"

Alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho. "Mama, tangu nizaliwe ni wewe tu uliyenisifu mbele ya watu. Ukienda kusema ulikosea, sawa, nitaolewa. Lakini nyumba hii hutaniona tena."

Mwanangu hajawahi kuniongelesha hivyo. Nikinyamaza, atalala nje na mimba yake. Nikisema wanavyotaka, nimempa mume na nimempoteza. Usingizi umenihama, mboga zinanikaukia mezani.

Nimeshaambiwa niazime vikombe tena, na safari hii nimeruhusiwa kufungua kinywa. Nyinyi akina mama mnaosoma ukurasa huu, na mabinti pia, niambieni: niseme nini?